HOTUBA YA MWENYEKITI: TUMSINDIKIZE MZAZI WA KWANZA

(Ilisomwa mbele ya wanachama na wageni siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu, Igawa)

Ninyi mabinti mliosimama kule nyuma chini ya mwembe. Naomba msogee mbele, maana maneno ya leo ni yenu zaidi kuliko ya wenye viti.

Miaka kumi si michache. Wako tulioanza nao ambao leo hawapo, Mungu awalaze mahali pema.

Habari ya hisa, mikopo na gawio mweka hazina ameshaisoma, na imo katika kijitabu hiki. Sitairudia. Mimi nimechagua jambo moja ambalo kwa miaka yote kumi limekuwa likiingia katika daftari la mfuko wa jamii bila kuwa na jina lake. Ukilifungua daftari utakuta "nauli ya hospitali", "dharura", "mkopo wa usiku". Ukiuliza ilikuwa dharura gani, mara nyingi utaambiwa ni uzazi. Na ukichimba zaidi utakuta ni binti mwenye mimba ya kwanza aliyechelewa kuondoka nyumbani kwa sababu alikuwa anaogopa na hakumwambia mtu.

Kwa hiyo leo nasema juu ya woga wa mimba ya kwanza. Najua wengine mtasema, mwenyekiti vipi, mbele ya akina baba? Wahenga walishasema mficha uchi hazai. Basi tusiufiche.

Ndugu zangu, woga huu si ugonjwa wa mabinti wa siku hizi, wala si kudeka. Mtu anaenda asikokujua, na waliotoka huko wanamsimulia mabaya tu. Sisi akina mama tukikaa mtoni au mashineni tunakosaga, hatusimulii ile mimba iliyotoka salama saa nane za mchana. Tunasimulia ya fulani aliyekaa na uchungu siku tatu, ya fulani aliyechanika, ya fulani aliyerudishwa amefunikwa shuka. Na binti yupo hapo pembeni na ndoo yake, anasikiliza, tumbo limeshaanza kuonekana. Hakuna anayemgeukia kumwuliza, wewe mwanangu umelisikiaje hilo?

Halafu kuna vitisho vya mila. Hivi havina kabila moja, tunavijua sote, Wasangu, Wabena, Wahehe, Wakinga na wengine. Mzazi akichelewa kujifungua anaambiwa ataje wanaume aliotembea nao, la sivyo mtoto hatoki. Jamani! Mtoto anachelewa kwa sababu amekaa vibaya, au nyonga ni nyembamba, au uchungu hauna nguvu. Mtoto hasubiri majina. Binti wa watu anatetemeka, amechoka, na juu yake unamwekea kesi. Hata asiye na kosa anaweza kukubali uongo ili mambo yaishe, kisha ndoa inavunjika kwa neno lililosemwa katika maumivu. Naomba kikundi chetu kiwe cha kwanza kuacha jambo hilo.

Mwezi uliopita tulimwalika muuguzi mkunga akae nasi, tukauliza maswali tukiwa wanawake watupu. Mengi ninayoyasema sasa niliyaandika siku ile.

Alisema uchungu wa kwanza huwa mrefu kuliko wa mimba zinazofuata, na binti aelezwe hivyo mapema ili asidhani anakufa. Mwanzo maumivu huja na kupotea, yanaweza kwenda hivyo saa nyingi, usiku kucha pengine, na mlango wa uzazi unafunguka polepole. Ukifika sentimita 5 ndipo kazi yenyewe inaanza kukolea, hadi sentimita 10 ambapo mtoto anapita. Kwa mzazi wa kwanza, toka hapo kwenye 5 mpaka 10 kwa kawaida haizidi saa 12. Ikizidi, wauguzi wanatakiwa kuangalia kuna nini. Kwa hiyo saa zina hesabu yake, na ndiyo maana tunataka mzazi awe mahali penye mtu anayeijua hesabu hiyo.

Alituambia pia kwamba mwenye hofu hukaza mwili wote, taya, mabega, mapaja, na mwili uliokazwa unaumia zaidi. Anayeumia zaidi anaogopa zaidi. Ni kama mtu anayevuka mto Mbarali kwa woga, anakanyaga vibaya kwa sababu anaogopa kukanyaga. Dawa yake ni ndogo: pumzi ivutwe polepole puani na kutolewa polepole mdomoni, mabega yashuke, atembee, aegemee ukuta, achuchumae, anywe uji au chai akitaka, mtu amsugue kiuno. Shirika la Afya Duniani nalo limeandika kwamba mzazi asilazimishwe kulala chali muda wote wa uchungu. Bibi zetu walilijua hilo bila kusoma.

Sasa msije mkanielewa vibaya mkadhani nasema woga wote ni bure. Mengine ya kuogopa yapo kweli, na mimba ya kwanza ina yake. Nayataja mawili.

La kwanza ni malaria. Sisi tunakaa ukingoni mwa bonde la Usangu, maji ya mpunga yako kila upande na mbu hawana likizo. Mwenye mimba ya kwanza malaria humkamata vibaya kuliko mwenye mimba ya tatu au ya nne. Humkausha damu, na mtoto anaweza kuzaliwa mdogo. Chandarua anachopewa kliniki si cha kufugia vifaranga wala cha kuvulia samaki. Alale humo. Na zile dawa za kumkinga na malaria anywe palepale mbele ya muuguzi.

La pili ni kifafa cha mimba. Hiki nacho hupenda mimba ya kwanza. Kabla hakijaja hutoa hodi: kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, maumivu juu ya tumbo. Watu wanasema karogwa, wanaanza kutafuta mganga. Mimi nasema apelekwe apimwe presha siku hiyohiyo. Akishaanza kuanguka degedege mmechelewa, lakini mbebeni hivyohivyo mkimbie.

Na hatari kubwa kwa kila mzazi, wa kwanza hata wa kumi, ni damu baada ya mtoto kutoka. Mama aliyekuwa anaongea anaweza kupotea mnamtazama. Kituoni kuna sindano inayochomwa mara tu mtoto anapozaliwa ili mfuko wa uzazi ukaze na damu ikatike. Mkunga wa jadi, hata awe hodari namna gani, sindano hiyo hana. Mimi nawaheshimu wakunga wetu wa jadi, wengine wametupokea sisi wenyewe duniani. Tunawaomba wawe wasindikizaji wetu, watushike mkono mpaka kituoni. Na zile dawa za miti za kuongeza uchungu waziache, maana mfuko wa uzazi unaweza kupasuka.

Sasa niwape sababu ya kutokata tamaa, na hii niliandika kwa kalamu nyekundu. Katika utafiti wa taifa wa mwaka 2015/16 ilionekana kwamba katika kila vizazi hai 100,000 walikuwa wanakufa akina mama 556. Utafiti wa mwaka 2022 ukakuta 104. Na waliojifungulia kwenye vituo vya afya walikuwa 63 katika kila 100 kwenye ule wa kwanza, wakawa 81 katika kila 100 kwenye ule wa pili. Mimi darasa langu ni la saba, lakini hesabu hiyo naielewa. Binti, ukisikia habari za zamani mtoni, jua kwamba unasimuliwa njia kabla haijawekwa lami. Bado wanaokufa ni wengi, hata mmoja ni mwingi, lakini njia si ileile.

Nanyi mjue kwamba hofu nyingine haitokani na uchungu, inatokana na namna ya kupokewa. Hapa nitasema yangu. Nilipozaa mwanangu wa kwanza nilikuwa na miaka 20. Sitataja ilikuwa wapi, maana wengi waliokuwepo wameshastaafu na wengine ni marehemu. Niliachwa peke yangu kwenye kitanda cha chuma tangu jioni. Mama mkwe alizuiwa mlangoni. Nilipoita, niliambiwa, "Ulipokuwa unaitafuta hukupiga kelele, leo unatupigia sisi?" Nikanyamaza. Nilinyamaza hata pale ambapo nilitakiwa kusema kwamba maji yamepasuka. Aliyeniokoa ni mama mmoja wa kitanda cha pili, naye ana uchungu wake, mimba ya tano. Alishuka, akanishika mkono, akaniambia, "Dada, likija hili lipokee, usilikimbie. Likipita pumzika." Akaenda akamwita muuguzi mwenyewe. Mtoto alitoka salama. Jina la yule mama sikuwahi kulijua, asubuhi nilikuta ameshahamishwa.

Nasema hili kwa sababu moja. Mkono ule haukuwa na dawa ndani yake, lakini ulifanya kazi. Na leo wataalamu wenyewe wanasema mzazi akiwa na mtu wake wa kumshika wakati wa uchungu anajifungua vizuri zaidi. Kule Kigoma, kati ya mwaka 2016 na 2018, mradi wa Thamini Uhai ulijaribu jambo hilo katika baadhi ya vituo, mzazi akaruhusiwa kuwa na mwanamke aliyemchagua mwenyewe. Kwa hiyo tusiogope kuuliza kituoni kwa adabu: je, naruhusiwa kukaa naye? Pakiwa na pazia na nafasi, wauguzi wengi watakubali. Nafasi ikikosekana, tukae nje karibu, ajue tupo.

Wauguzi nao tuwatendee haki. Mmoja anakesha na wazazi kadhaa, amechoka, hajala. Ukifika naye kwa heshima, kadi mkononi, vifaa vimekamilika, naye anakuwa mtu mwingine. Na akitukana, tusinyamaze kama nilivyonyamazishwa mimi. Kamati ya afya ya kituo ipo, na diwani wetu yupo hapa amekaa, anasikia.

Basi, binti mwenye mimba ya kwanza afanye nini? Nataja machache ayashike.

Kwanza, aseme. Akiona siku zimepita amwambie mtu mmoja anayemwamini. Hata kama hajaolewa, hata kama yuko shuleni. Kuanzia Novemba 2021 Wizara ya Elimu iliruhusu mwanafunzi aliyejifungua kurudi darasani, kwa hiyo mimba si mwisho wa maisha ya mtoto wetu. Mzazi atakayemfukuza binti nyumbani anamfukuzia hatarini.

Pili, aanze kliniki mapema, asingoje tumbo liwe la miezi sita. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonwe angalau mara nane. Apimwe damu, presha, mkojo na virusi vya UKIMWI, achomwe sindano ya pepopunda, apewe vidonge vya damu. Na aulize. Woga mwingi ni swali ambalo halijaulizwa.

Tatu, ajue siku yake. Hesabu ni rahisi: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha miezi 9. Kama ilianza tarehe 10 Mei, unafika 17 Februari. Sasa angalieni, Februari huku kwetu ni nini? Mvua, njia za mashambani ni tope, watu wako kambini kwenye mpunga, na nyumbani hakuna hela kwa sababu mavuno bado. Mwenye siku zake Februari asikutwe kambini Januari ikiisha. Ahamie kwa ndugu aliye karibu na barabara kuu, au kwenye nyumba ya kungojea wazazi kama kituo kinayo, ile ambayo sehemu nyingine huita chigonela.

Nne, ajue atakwenda wapi akishindikana hapa. Sisi tuna bahati ya barabara ya lami. Upande wa Mbeya kuna hospitali ya wilaya pale Rujewa, kuna Hospitali ya Misheni Chimala, na mjini Mbeya kuna Hospitali ya Wazazi Meta. Upande wa pili kuna Ilembula na Makambako, ambako zamani tulipaita Iringa na tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Njombe. Na simu ya m-mama ni 115, haina malipo. Utaratibu huo ulizinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022. Ukipiga, wanatafuta gari la wagonjwa, na kama halipo wanamtuma dereva waliyemsajili, na mgonjwa hatozwi. Iandikeni namba hiyo mlangoni kwa mkaa.

Tano, ajue dalili zisizongoja asubuhi: damu kutoka, maji kupasuka, kichwa na macho kama nilivyosema, homa kali, degedege, na mtoto kuacha kucheza tumboni.

Akina baba, ninyi nawaomba mawili tu. Simu iwe na chaji mwezi huo wa mwisho. Na msiseme "tusubiri tuone". Mnasubiri mwone nini? Baba anayeuza gunia moja la mpunga kwa ajili ya uzazi hajapata hasara. Na ukimsindikiza mkeo kliniki hakuna atakayekucheka, au akucheke, kisha nyote mtarudi nyumbani watatu.

Ndugu zangu, nafika kwenye jambo lenyewe lililonisimamisha. Yupo binti wa mmoja wetu, simtaji, mimba yake ina miezi saba. Tangu mwezi uliopita amekataa kliniki. Anasema atazalia kambini kwa bibi yake, porini kule, kwa sababu aliona jirani yao alivyorudishwa kutoka hospitali. Mama yake amemwomba, amemkaripia, amelia. Mimi nilikwenda nikakaa naye jioni nzima. Hakusema hataki hospitali. Alisema, "Mama Mwenyekiti, naogopa kufa peke yangu kule ndani." Hilo ndilo neno lake. Haogopi sindano, wala hakosi akili. Anaogopa kuwa peke yake.

Sasa kikundi cha wanawake chenye miaka kumi, kina sanduku lenye kufuli tatu, kina katiba, kina muhuri, kitashindwaje na neno hilo?

Kwa niaba ya kamati naleta pendekezo, tulipigie kura leo kabla ya chakula. Tuwe na mfuko wa uzazi, peke yake, usichanganywe na mfuko wa jamii. Kila mwanachama atoe shilingi 500 kila wiki. Tuko 30, hiyo ni shilingi 15,000 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni shilingi 780,000. Fedha hiyo isikopeshwe. Itoe nauli ya bodaboda au bajaji kutoka shambani hadi barabarani, na itoe mfuko wa vifaa kwa kila mzazi wa kwanza wa nyumba zetu: khanga, nailoni, pamba, glovu, sabuni, beseni, nguo za mtoto. Huduma ya wajawazito katika vituo vya serikali haitozwi, hiyo ndiyo sera, lakini sote tunajua kwamba anayefika mikono mitupu hupata shida. Na aibu ya kufika mikono mitupu imewafanya wengi wabaki nyumbani.

Zaidi ya fedha, kila mzazi wa kwanza apewe mwanachama mmoja wa kumsindikiza. Achaguliwe na binti mwenyewe, maana si kila shangazi anafaa. Aende naye kliniki, ajue siku zake, alale karibu siku zikifika. Baada ya kujifungua amtembelee, maana wako wanaolia wiki za mwanzo bila sababu, hawali, hawataki hata kumtazama mtoto, na huyo naye si mchawi wala mvivu, apelekwe kituoni akasaidiwe. Msindikizaji huyo asilipwe. Tumpunguzie tu faini ya kuchelewa vikao.

Najua wako watakaosema shilingi 500 ni nyingi wakati wa kilimo. Ni kweli, Januari hata ya chumvi hutafutwa. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na sisi tulianza sanduku hili watu wakitucheka kwamba tunakusanya senti za vitumbua. Vitumbua hivyohivyo vya kuuzia abiria wa mabasi ndivyo vimesomesha watoto na kuezeka mabati.

Kwa yule binti, kura ikipita au isipopita, msindikizaji wake nimeshajiandikisha mimi, kama atanikubali. Jumatatu ni siku ya kliniki. Nimemwambia nitapita kwao saa moja asubuhi, na kama bado anaogopa tutakwenda na woga wake hivyohivyo, watatu.

Wanachama wenzangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Mungu awabariki wazazi wetu na watoto walioko njiani.